Baba aliweweseka baada ya upasuaji wa moyo: ile sindano ilitibu nini?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 71, tunaishi Tanga. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji India, wa kupandikiza mishipa ya moyo mitatu. Siku ya kwanza aliongea nasi akiwa na akili zake. Usiku wa pili akabadilika. Alichomoa dripu, akasema kuna watu darini wanamwaga maji, akamwita nesi kwa jina la shangazi yetu marehemu, akampiga kibao nesi mwingine. Walimchoma sindano ya haloperidoli, akalala. Kesho yake jioni ikaanza upya. Siku ya tano akarudi kuwa yeye. Tumekuja nyumbani na vidonge vya miligramu 25, boksi limeandikwa Quetiapine, kimoja kila usiku. Sasa ni wiki ya tatu. Akili iko sawa ila anasinzia mchana na anayumba akiinuka. Nimesoma kwamba haloperidoli inaua moyo. Baba mdogo anasema ni jini. Ile sindano ilimtibu au ilimdhuru? Ipo dawa ya kweli ya tatizo hili? Vidonge aendelee navyo? Na anapouliza alifanya nini kule, tumwambie au tunyamaze?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Poleni kwa mtihani huo, na hongereni kwa kumrudisha mzee nyumbani. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya usingizi na wagonjwa mahututi, na watu wa darini nimesimuliwa kwa sura nyingi. Mgonjwa mmoja aliona kuku wanatembea juu ya mpira wa dripu. Mwingine alikataa dawa kabisa kwa sababu aliamini tumo melini, nahodha katoroka, na mimi ni abiria mwenzake tu.

Nikupe jibu fupi kwanza. Sindano ile ilimtuliza, haikumtibu. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitika kuufupisha ugonjwa huu wenyewe. Dawa zipo za kuzima fujo ili mgonjwa asijiumize, na wakati ametulia madaktari watafute kilichomchanganya. Kwa dozi ndogo na chini ya uangalizi, haloperidoli haiui moyo, ingawa hofu uliyoisoma haikutoka hewani. Vidonge vya usiku, kwa unavyonieleza, vimeshamaliza kazi yake. Sasa nieleze kwa nini nasema hivyo.

Kuweweseka huko madaktari wanakuita deliriamu. Ni ubongo kushindwa kazi kwa muda, kama figo zinavyoweza kushindwa kwa muda baada ya upasuaji mkubwa. Huanza ghafla, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na usiku huwa mbaya zaidi. Kwa upasuaji wa moyo ni jambo la zamani. Mwaka 1964 huko Portland, Marekani, daktari wa akili Paul Blachly na mpasuaji Albert Starr, mmoja wa waliobuni vali ya bandia ya moyo ya Starr-Edwards, waliandika kuhusu wagonjwa walioamka vizuri baada ya kupasuliwa moyo, kisha siku chache baadaye wakachanganyikiwa. Soma hilo tena, halafu ukumbuke siku ya kwanza ya baba yako.

Wala si ugonjwa wa wachache. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, wagonjwa 225 wenye miaka 60 na zaidi walifuatiliwa baada ya upasuaji wa moyo. Waliopata deliriamu walikuwa asilimia 46. Kwa hiyo baba mdogo simbezi, maana ukimwona mtu mzima aliyesali swala zake zote ghafla anaongea na marehemu, utatafuta maelezo kwa lugha uliyonayo. Mwambieni tu kwamba huyu jini anajulikana anaingia siku ya ngapi, anapenda wazee kuliko vijana, na anaondoka maji na chumvi za mwili zikirekebishwa. Mkitaka kumsomea mzee dua, someni. Sauti anayoijua, karibu na sikio lake, ni sehemu ya tiba, na nitalirudia hilo.

Sasa dawa. Kwa miaka mingi tuliongozwa na nadharia moja nzuri sana. Kwenye ubongo kuna kemikali za kupeleka ujumbe. Mtu akiwa kwenye deliriamu, ilionekana kama asetilikolini imepungua na dopamini imezidi. Basi hesabu ikawa nyepesi: ongeza ile, zuia hii. Haloperidoli, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 kwenye maabara ya Paul Janssen, inazuia dopamini. Ni ya bei nafuu, inapatikana karibu kila mahali, na inafanya kazi mbele ya macho yako: unachoma, na baada ya muda mfupi mtu ametulia. Nani angeuliza zaidi?

Walipokuja kuuliza, majibu yalitunyenyekesha. Mwaka 2018 utafiti wa Marekani unaoitwa MIND-USA uliwagawa wagonjwa 566 wa mahututi wenye deliriamu. Baadhi walipewa haloperidoli, baadhi ziprasidoni, ambayo ni dawa ya kundi hilo hilo, na wengine maji ya chumvi tu bila wao wala wauguzi kujua. Zikahesabiwa siku ambazo mgonjwa yuko hai bila deliriamu wala kupoteza fahamu, ndani ya siku 14. Wa maji ya chumvi walipata siku 8.5, wa haloperidoli 7.9, wa ziprasidoni 8.7. Kitakwimu hapo hakuna tofauti. Mwaka 2022 ukafuata AID-ICU, ulioongozwa kutoka Denmark kwa wagonjwa 1,000. Humo siku za kuwa hai na nje ya hospitali katika miezi mitatu zilikuwa 35.8 kwa haloperidoli na 32.9 kwa dawa bandia, tofauti ambayo nayo haikutosha kuitwa ushindi.

Lakini angalia upande wa pili wa sarafu, maana ndio uliokutia hofu. Kwenye utafiti huo wa Denmark waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 36.3 kwenye kundi la haloperidoli na 43.3 kwenye kundi la dawa bandia. Sitasema dawa iliokoa maisha, kwa sababu utafiti haukupangwa kujibu swali hilo kwanza. Ila dawa inayoua ovyo isingeleta hesabu ya namna hiyo. Wagonjwa hao walikuwa wa mahututi wa kila aina, wengi wao wakiwa hoi kuliko baba yako. Wa upasuaji wa moyo peke yao hawajawahi kukusanywa kwa wingi kiasi hicho kwa swali hili.

Hofu ya moyo inatoka hapa. Baada ya kila pigo, moyo hujipanga upya kwa umeme kabla ya pigo linalofuata. Haloperidoli hurefusha muda huo wa kujipanga. Ukirefuka mno, na kwa kawaida tunaanza kuogopa kipimo cha umeme wa moyo kikivuka milisekunde 500, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, mtu akazimia na hata kufa. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya jambo hili, hasa kwa dozi kubwa na sindano ya mshipa.

Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa moyo hayuko na dawa moja. Karibu theluthi yao hupata mapigo yasiyo na mpangilio siku za mwanzo, nao mara nyingi hupewa amiodaroni, ambayo pia hurefusha muda ule. Wakitapika wanapewa ondansetroni, hadithi ni ile ile. Dawa ya kukojoza inatoa maji na kuondoka na potasiamu na magnesiamu, chumvi mbili zinazoshikilia umeme wa moyo. Haloperidoli ikija ya nne kwenye foleni hiyo ndipo hatari inapokaa. Daktari makini hutazama kipimo cha umeme kwanza, hurekebisha chumvi, kisha humpa mzee dozi ndogo, nusu miligramu au moja, na kusubiri. Kama faili la baba yako lina karatasi za kipimo hicho kabla na baada ya sindano, huyo alikuwa kwenye mikono inayojua kazi.

Upo pia mgonjwa ambaye haloperidoli kwake ni haramu kabisa: mwenye ugonjwa wa Parkinson, au aina ya usahaulifu inayofanana nao. Atakakamaa kama ubao. Baba yako hakuwa na kutetemeka mikono wala kutembea kwa kuburuza miguu kabla ya safari, nadhani ungeniambia.

Nadharia ya asetilikolini nayo ilikutana na ukweli. Rivastigmini, dawa ya wenye ugonjwa wa Alzheimer, ilijaribiwa kwa wazee 120 wa upasuaji wa moyo nchini Uswisi, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Haikuzuia chochote. Mwaka uliofuata Waholanzi waliijaribu kutibu deliriamu ya wagonjwa mahututi, na utafiti ukasimamishwa kwa sababu vifo vilikuwa vingi upande wa dawa. Nadharia ilikuwa tamu, ubongo haukuisoma.

Kuna habari moja njema ndogo niliyoipenda. Bangkok, mwaka 2007, wagonjwa 126 wa upasuaji wa moyo walipoamka tu waliwekewa chini ya ulimi miligramu moja ya risperidoni au kidonge bandia. Waliopata deliriamu walikuwa asilimia 11.1 dhidi ya 31.7. Namba zinavutia. Lakini huko ni kuzuia kwa watu ambao bado hawajaugua, kwenye hospitali moja, watu wachache. Sijabadilisha kazi yangu kwa ajili yake. Vivyo hivyo parasetamoli ya mshipa: utafiti wa Boston wa mwaka 2019, watu 120, ulipata asilimia 10 dhidi ya 28. Hiyo natoa, kwa sababu maumivu yenyewe huchanganya watu, na parasetamoli inapunguza haja ya dawa kali. Kama inazuia deliriamu pia, ni bahati.

Deksmedetomidini ndiyo dawa ambayo pengine mtaisikia mkirudi India. Inamlaza mtu usingizi unaofanana na wa kawaida, ukimgusa anaamka, na pumzi haizimi. Toronto, mwaka 2016, wagonjwa 183 wenye miaka 60 na zaidi: walioamshwa kwa dawa hii walipata deliriamu asilimia 17.5, walioamshwa kwa propofoli, dawa nyingine ya kulaza, asilimia 31.5. Furaha ilikuwa kubwa. Mwaka 2020 ukaja DECADE wa Marekani, watu 798, ukilinganisha na maji ya chumvi: asilimia 17 kwa dawa, 12 kwa maji ya chumvi. Mimi ninavyousoma mkanganyiko huu, swali ni dawa hii inachukua nafasi ya nini. Ikikaa mahali pa dawa nyingine ya kulaza, mgonjwa anaweza kufaidika. Ikiongezwa juu ya ambaye hakuihitaji, unampa tu presha ya kushuka na mapigo ya polepole. Pale ninapoitumia bila kusita ni kwa mgonjwa ambaye bado yuko kwenye mashine ya kupumulia, yuko tayari kutolewa mpira kooni, lakini fujo inazuia. Ni ghali, na inahitaji kitanda chenye mtu wa kukiangalia usiku kucha.

Za kuepuka nazijua vizuri kuliko za kutumia. Jamii ya dayazepamu na midazolamu humlaza mtu lakini mara nyingi humwamsha akiwa amevurugika zaidi. Niwe mkweli: kuzipunguza ndani ya chumba cha upasuaji peke yake hakukuleta tofauti kubwa, kwani utafiti wa hospitali 20 za Amerika ya Kaskazini wenye wagonjwa zaidi ya 19,000 ulipata deliriamu asilimia 14.0 zilipopunguzwa na 14.9 zilipotumiwa kwa uhuru. Tatizo liko kwenye kuzimwaga usiku baada ya usiku wodini. Pethidini, sindano ya maumivu makali, kwa wazee, hapana. Na piritoni! Wauguzi wetu wengi, kwa huruma tu, humpa mzee piritoni apate usingizi. Inazuia kazi ya asetilikolini ile ile tunayoihitaji. Hata nyumbani kwenu, iondoeni kwenye droo ya baba.

Upande mmoja tu dayazepamu ni tiba halisi: mtu aliyezoea pombe kila siku ambaye ameikosa ghafla. Kiu hiyo hulipuka siku ya pili au ya tatu, wakati ule ule wa deliriamu ya upasuaji, na bila tiba inaua. Familia nyingi huficha kwa aibu. Kwenu naamini halipo. Naliandika kwa msomaji mwingine ambaye baba yake anakunywa kimya kimya na daktari hajaambiwa.

Sasa kilichomponya baba yako ni nini? Sikuwepo, lakini siku ya tano inanieleza mengi. Huenda mpira wa mkojo ulitolewa, sodiamu ikakaa sawa, oksijeni ikapanda, choo kikafunguka, akapata usiku mmoja wa kulala. Mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji huamsha uvimbe mwili mzima, na ubongo wa miaka 71 unahitaji siku kadhaa kujikusanya. Kazi ya dawa ilikuwa kumlinda asing'oe kitu kifuani wakati hayo yanatokea.

Na kuna lugha. Deliriamu ya mahututi hupimwa kwa maswali mafupi, kipimo kinaitwa CAM-ICU. Muuguzi anasoma herufi kumi, mgonjwa aminye mkono kila asikiapo A. Kisha maswali ya ndiyo au hapana: je, jiwe huelea majini? Je, baharini kuna samaki? Mzee wa Tanga angecheka kuulizwa kama baharini kuna samaki. Lakini akiulizwa kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kitamil, usiku, miwani imewekwa kabatini na kifaa cha sikio kwenye bahasha, atashindwa hata akiwa mzima, na akiwa mgonjwa atazama zaidi. Nimeona wagonjwa wetu waliotoka huko wakisema walidhani wametekwa, kwa sababu kila mtu alisema maneno wasiyoyajua huku akiwafunga mikono. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake huko Yale walionyesha kwa wazee 852 wa wodi za kawaida kwamba kuwaelekeza siku na mahali, kuwapa miwani, kuwatembeza, kuwanywesha maji na kuwaacha walale kulishusha deliriamu kutoka asilimia 15.0 hadi 9.9. Hakukuwa na kidonge humo. Dawa za kundi la haloperidoli hazijawahi kunipa namba ninayoiamini hivyo.

Tukija kwenye vidonge. Kwetiapini ni ndugu wa haloperidoli, mpole zaidi, na wengi hupewa usiku ili walale. Kosa linalotokea duniani kote ni kwamba mgonjwa anahamishwa wodi, anaruhusiwa, na kidonge kinamfuata nyumbani kama mzigo uliosahauliwa kwenye gari. Hakuna aliyeandika siku ya kukiacha. Mzee aliyepona kabisa, anayesinzia mchana na kuyumba akiinuka, yuko karibu kuanguka, na mfupa wa kifua unaochukua wiki nane hivi hadi miezi mitatu kushikana hautaki kuanguka. Mpelekeni wiki hii kwa daktari wake wa moyo hapo mlipo. Apimwe presha akiwa amelala kisha amesimama, apimwe umeme wa moyo, na ulizeni swali moja kwa maneno haya: "Kidonge hiki anakinywea nini leo?" Jibu likiwa ni deliriamu ya India, kwa dozi hii ndogo na wiki chache, kwa kawaida huachwa, ama papo hapo au kwa kupunguza siku chache. Usingizi unaweza kusumbua usiku mbili tatu. Msiguse zile nyingine: aspirini, dawa ya lehemu, dawa za presha.

Hadi atakapokiacha, jihadharini na duka la dawa. Tanga kuna malaria. Kwinini juu ya kwetiapini ni hatari kwa umeme wa moyo, na hata dawa mseto karatasi yake inaonya kuhusu dawa za aina hii. Klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, huongeza kwetiapini mwilini mara nyingi zaidi ya kawaida. Akipata homa, apimwe hospitalini, aseme anakunywa nini. Na akianza kuchanganyikiwa upya, iwe na homa au bila, kidonda kikitoa usaha, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, hiyo ni safari ya usiku huo huo.

Akili yake itakuwaje? Wale 225 niliowataja walipimwa tena baada ya miezi sita. Asilimia 40 ya waliokuwa na deliriamu hawakuwa wamerudi kamili walipokuwa kabla ya upasuaji, dhidi ya 24 ya wengine. Msishtuke akisahau mahali alipoweka ufunguo au akichelewa kwenye hesabu za duka. Mpeni muda, atembee kila siku, acheze bao na wenzake. Akipasuliwa tena chochote, hata jicho, daktari wa usingizi aambiwe habari hii kabla, si baada.

Swali lako la mwisho ndilo nililolipenda. Mwambieni. Wengi hawasahau yote. Hubaki na vipande, na vipande bila maelezo hutisha kuliko habari nzima. Huenda anakumbuka kibao na anaona haya kukiuliza, ndiyo maana anazungukazunguka. Kaeni naye asubuhi, akiwa ameshakunywa chai, baba mdogo naye awepo. Mwambieni alikuwa mgonjwa wa kichwa kwa siku tatu, kwamba huwapata wengi, kwamba nesi yule alijua na hakukasirika. Kisha mwacheni yeye asimulie wale watu wa darini walikuwa wanasema nini.